Barua ya wazi kwa wanaotuhimiza tubane umeme na tuache mkaa: jiko la dada yangu liko juu ya kabati

Kwenu wakubwa mnaosimamia umeme, nishati safi na mazingira, mlio hapa jijini Tanga na mlio huko juu zinakopangwa bei na kampeni,

Asalaam aleikum, na kwa asiyeitikia hiyo, habari za kazi.

Mimi ni fundi umeme wa mtaani. Sina kampuni wala gari lenye nembo ubavuni. Nina baskeli, begi la vifaa, testa mbili, na simu inayolia zaidi saa moja usiku, watu wanapowasha kila kitu kwa mpigo. Nakaa Makorora, ila kazi hunipeleka Ngamiani, Chumbageni, Mikanjuni, Duga, mpaka Pongwe. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeingia vyumba ambavyo hata shemeji wa mwenye nyumba hajavikanyaga, maana soketi ikiungua nyuma ya kitanda haina cha faragha. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa sikuyasoma kwenye bango. Nimeyakuta nyuma ya makabati ya watu.

Kampeni moja ilikuja kiwanjani karibu na kwetu. Sitasema ni ya nani; kwanza walinilipa, tena siku ileile. Nilikodiwa kufunga nyaya za spika na feni za jukwaa kuu. Nguzo ya umeme ipo pale, hatua thelathini kwa miguu yangu, lakini nikaambiwa nifunge kwenye jenereta, eti umeme usije ukakatika mgeni rasmi yuko katikati ya hotuba. Basi jenereta likanguruma, dizeli ikafuka, na juu ya moshi ule ikasomwa risala ya kutunza hewa. Sikuona ajabu sana, shughuli ni shughuli. Kilichonikaa moyoni ni maneno. Kila aliyeshika maiki alisema tubadilike. Zima taa usiyoitumia. Acha mkaa. Pikia gesi, pikia umeme. Saa tatu nzima, na hakuna hata mmoja aliyetaja namba: uniti ngapi, shilingi ngapi, kwa siku au kwa mwezi.

Mwisho wakagawa zawadi kwa kuokota majina kwenye ndoo. Dada yangu likatoka lake, akapewa jiko la presha la umeme, jipya ndani ya boksi.

Dada yangu anakaa Ngamiani. Asubuhi huuza mbaazi za nazi na mahamri barazani kwake. Mara ya kwanza kulitumia lile jiko nilikuwepo, nimekuja kumwekea soketi ya maana, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imelegea na kitu cha wati 1,000 kingeiyeyusha. Mbaazi alizilowesha tangu usiku kama kawaida yake. Akafunga mfuniko, akabonyeza, jiko likakaa kimya. Akalizunguka. Akainama kutega sikio. “Kaka, hivi linapika hili? Mbona halisemi?” Baada ya dakika arobaini na kitu tukatoa mvuke, akaokota mbaazi moja akaibana kwa vidole viwili, ikapondeka kama embe dodo lililoiva. Kwenye mkaa angekaa saa mbili na zaidi, anapuliza na kupepea. Siku ile aliita majirani watatu waje waone. Kampeni yenu ilikuwa imeshashinda pale barazani, bila spika.

Ngoja sasa niwaeleze ilivyoshindwa.

Kabla ya jiko, dada alikuwa anatumia kama uniti 62 kwa mwezi. Nilimpigia hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la mjukuu wake. Taa nne za LED uniti 5, feni 18, friji dogo 30, TV 9. Pasi yake ni ya mkaa, anatia vifuu vya nazi, hiyo haimo. Mteja wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi bei yake ni shilingi 100 kwa uniti. Ukijumlisha VAT na tozo mbili zinakuwa 122. Kwa hiyo mwezi mzima ulimgharimu shilingi 7,564. Umeme wa bei rahisi kweli, na ninawapa shukrani zenu kwa hilo.

Jiko lilikula kama uniti moja kwa siku: mbaazi alfajiri, wali au maharage jioni. Hiyo ni uniti 30 juu ya zile 62, jumla 92. Zinazovuka 75 zinalipiwa 350 kila moja, na kodi zikiingia ni 427. Mwezi wa kwanza alilipa 16,409. Bado ilimfaa, kwa sababu mkaa uliokuwa ukiteketea kwa mapishi hayohayo ulikuwa wa kama shilingi 700 kwa siku, yaani 21,000 kwa mwezi. Alikuwa amebakiwa na kitu mkononi. Alininunulia kanzu.

Akaendelea kupika, akaendelea kuzidi 75, akahamishwa kutoka kundi lile la bei ya chini. Huku alikopelekwa kila uniti ni 292, na kodi ni karibu 356. Angalieni vizuri: si zile uniti 30 za jiko peke yake. Ni zote 92. Uniti za taa nazo, za feni nazo, za friji aliyokuwa nayo miaka sita nayo. Mwezi ule ukamla karibu 32,800. Toeni pale 7,564 aliyokuwa akilipa zamani, inabaki kama 25,200, na hiyo ndiyo bei halisi ya kupika kwa uniti 30. Kila uniti ya mbaazi ilimfikia shilingi 840. Mkaa wa 21,000 ukawa nafuu kuliko umeme unaotoka bwawa la taifa.

Aliweka rimoti ya Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, juu ya meza, akaitazama, halafu akaniuliza swali ambalo nawaletea kama lilivyotoka kinywani mwake: “Kaka, hawa watu wananitaka nipikie umeme au wananitaka nisipikie?”

Sikuwa na jibu. Jiko likapanda juu ya kabati, likafunikwa kanga, na ndani yake sasa hivi kuna vitunguu saumu.

Najua bei hii ilipangwa kitambo kwa nia njema. Ilikuwa ya kumlinda mtu wa taa tatu na redio asiumizwe na bili. Wakati ule nani alifikiri kwamba mtu wa taa tatu ataambiwa apike kwa umeme? Lakini nyinyi wenyewe mmebadilisha mambo. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaosema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Mwaka huohuo, mwezi Februari, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukaanza kutia umeme kwenye gridi. Mitambo yote tisa ni megawati 2,115. Sisi wa Tanga tunazijua megawati tangu zamani, mitambo ya Hale inazungushwa na mto Pangani tangu 1964, lakini Hale nzima ni megawati 21. Yaani mtambo mmoja tu wa Rufiji, wenye megawati 235, ni Hale kumi na moja. Umeme upo. Miezi ya mgawo, mwishoni mwa 2023, mlituambia tubane kwa sababu maji yamepungua na mitambo haitoshi, tukabana, tukawasha mishumaa. Sasa maji yapo, mitambo ipo, mnatwambia tupike. Sawa, tutapika. Ila bei haijapata habari. Bei bado inamwadhibu anayevuka 75 kana kwamba tuko kwenye mgawo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mna nafasi ya kusikia moja tu lisikieni hili: anayepikia umeme msimhamishe. Njia mnazijua kuliko mimi. Pandisheni ukomo kutoka 75 ufike mahali ambapo sufuria mbili kwa siku zinaingia. Au mwacheni mtu abaki na 75 zake za bei ya chini, na zinazozidi zilipiwe bei ya kawaida bila kuzigusa zile za taa. Au wekeni bei ndogo mchana, saa ambazo mahitaji yamelala, dada yangu aloweshe mbaazi asubuhi apike saa nane, jioni apashe tu. Ila kuendelea kugawa majiko kwenye viwanja huku bei iko vile ni kuongeza mizigo juu ya makabati ya watu.

La pili ni la kubana umeme wenyewe. Zima taa, zima taa. Jamani, taa siku hizi si kitu. Enzi za globu za wati 60 ulikuwa na haki ya kumfokea mtoto: globu moja saa tano kila usiku ni uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 kwa saa zilezile haifiki hata uniti moja na nusu. Mtaani kwangu globu za zamani nazikuta chooni na kwenye mabanda ya kuku wa kisasa tu. Watu walishabadilika, na hawakungoja risala, walingoja bei ya LED ishuke.

Umeme unaovuja sasa uko kwingine, na haupigi kelele. Upo kwenye king'amuzi kinachokaa na taa nyekundu usiku kucha. Vipo vinavyokula wati 10 hata TV ikiwa imezimwa, na hiyo ni uniti 7 kwa mwezi, zaidi ya taa zote nne za dada. Upo kwenye hita ya kuchovya inayosahaulika ndani ya ndoo mtu akapokea simu. Upo zaidi kwenye friji. Wiki iliyopita niliitwa nyumba moja Mikanjuni, mama analia Luku inakimbia, anadhani mpangaji kamchomekea waya. Nilizima mpangaji mzima, mita ikaendelea kukimbia. Nikaenda kwenye friji, nikabana karatasi ya daftari kwenye mlango, nikaivuta: ikatoka kama inateleza kwenye siagi. Mpira wa mlango umekauka, baridi inatoka nje usiku na mchana, mashine haipumziki. Juu yake pamewekwa kitambaa cha kufuma na mtungi wa maji, nyuma imebanwa ukutani, joto halina pa kwenda. Tulivuta friji mbele shubiri moja, nikapaka mpira mafuta ya mgando ukalainika, na yule mpangaji akaombwa radhi. Sijawahi kusikia neno mpira wa friji kwenye hotuba yoyote.

Kuna kifaa kidogo unachomeka kwenye soketi, halafu unachomeka friji au jiko juu yake, kinakuonyesha uniti zilizoliwa. Mimi ninacho kimoja. Nikimwachia mtu siku mbili, akirudisha anakuja na macho mengine. Nunueni vya kutosha, viwe viwili katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, mwananchi aazime kwa kuandika jina kama anavyoazima viti vya msiba. Gharama yake msiniulize mimi, ulizeni gharama ya fulana za kijani za kampeni.

Na vipitisheni kwenye vikoba. Hapa nakumbuka jambo. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto, kijijini kwetu Muheza, ilipoendeshwa kampeni ya afya kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa chini ya mwembe na redio moja ya betri, kijitabu, na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa kazi yake. Kipindi kikiisha hawakuondoka. Walisoma, wakabishana, wakaamua wiki hii tunachimba choo kwa nani na wiki ijayo tunafukia dimbwi lipi. Nchi nzima walishiriki watu wanaokaribia milioni 2. Marehemu baba hakuchimba choo kwa kupenda afya. Alichimba kwa sababu kikundi kilimwuliza, mbele ya wakwe zake, lile shimo la wiki iliyopita limefikia kina gani. Vikundi vya namna hiyo leo ni akina mama wa vikoba, wanakutana kila wiki, wanaaminiana kwa fedha, na hesabu wanaijua kuliko sisi sote. Wapeni hao namba na kile kifaa. Kiwanja waachieni wacheza mpira.

Gesi nitaisema kwa ufupi maana si fani yangu. Mitungi midogo ya kilo 6 mliyogawa mingi imekuwa stuli. Si dharau. Mtu anayenunua mkaa wa kopo kila jioni hana siku anayoamka na elfu ishirini na ushee mkononi ya kujaza mtungi. Mkaa unauzwa kwa kopo, mafuta ya taa yaliuzwa kwa kibaba, hata Luku ya elfu moja unapata. Dar es Salaam ipo gesi yenye mita kwenye mtungi, unalipia kwa simu kadiri unavyotumia. Ileteni Tanga.

Na msitufundishe yale tuliyozaliwa nayo. Mji huu ni wa baskeli. Mama wa makamo na baibui lake, kapu la samaki nyuma, anakata mtaa wa Ngamiani bila wasiwasi, na hakuna kampeni iliyomwambia. Kinachomtisha ni bodaboda na bajaji barabara ilipopanuliwa bila kuachiwa ukingo wa baskeli. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, bibi zetu walicheka, wakatoa vikapu vya ukili uvunguni. Makumbi ya nazi tunayachoma, vifuu tunavitia pasini, maji ya kuoshea mchele tunanyweshea mchicha. Umaskini umetufundisha kubana vitu miaka mingi. Tusiitwe wanafunzi kwenye hilo.

Mtu akiniambia kwamba mambo ya kijani ni magumu kuyapangia fedha, namwonyesha maji. Maji ya bombani tunayokunywa yanatoka mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani huko Usambara Mashariki, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ikauza hatifungani ya kijani, yaani mkopo wa mradi wa mazingira ambao watu huununua na kulipwa riba, ya shilingi bilioni 53.12 ili ipanue mtandao wa maji. Pale hakuna aliyepanda jukwaani akasema tubadilike basi. Walitaja kiasi, wakataja riba, wakataja muda, na watu wakatoa fedha. Mbona mama wa mbaazi yeye haongeleshwi kwa riba na muda?

Nimemaliza, nina kazi Duga saa tisa. Mkitaka kuyathibitisha ya dada yangu, njooni na mita yenu, mtakaa barazani, mtapewa mahamri ya moto na chai ya tangawizi, na daftari la mjukuu bado lipo, kurasa za mwisho zimejaa hesabu zangu. Jiko tutalishusha kabatini mbele yenu, tutatoa vitunguu saumu, tutapika.

Jambo moja la mwisho. Siku ile mliondoka mkasahau bango kubwa, lile la plastiki lenye picha ya jua na jani. Jirani yetu alilikunja akafunikia banda la kuku, na mvua za majuzi hazikuingia hata tone. Kama mnalihitaji atawarudishia, ila anaomba msubiri masika yapite.

Wenu,
Fundi wa Makorora, Tanga